Chumba cha Kenge

Kenge alifika kwetu Al-Naseem akiwa ndani ya ndoo ya rangi, mfuniko umetobolewa matundu kwa msumari. Aliyemleta alikuwa Mkenya, mwenzake mume wangu kazini, aliyekuwa anarudi Nairobi moja kwa moja. Alisimama mlangoni pa nyumba yetu ya Riyadh, ndoo kaikumbatia kama mtu aliyeleta zawadi ya harusi.

"Buda, huyu ni mpole sana," alimwambia mume wangu. "Anakula mende, anaota taa, halas. Hata hakui. Size ni hiyo hiyo."

Mume wangu akachungulia ndani ya ndoo, nami nikauona uso wake unavyolainika. Namjua mume wangu. Nilijua mambo yameshaharibika.

"Ni kenge wa nyika," akaniambia, kama vile ananitambulisha kwa binamu yake. "Wa kwetu kabisa, wa Afrika."

"Kwetu Tanga kenge akiingia uani watu huita majirani."

"Watu wa Tanga waoga."

"Kwani wewe wa wapi?"

Alikuwa ameshainuka kwenda kutafuta futi kamba.

Mume wangu ni injinia wa viyoyozi. Mkataba wake Saudia ulikuwa wa kupoza maduka makubwa na hoteli, na kwa kuwa kazi ilimwingia damuni, alipoza na nyumba yetu vilevile. Nje joto la kuchemsha yai, ndani mimi nalala na soksi. Nilikuwa mfamasia hospitalini, na nikirudi jioni nilivaa sweta kabla sijavua viatu. Sasa mtu huyuhuyu, aliyevuka bahari kuja kutafuta baridi, akaanza kuhangaika kutafuta joto. Alinunua taa kali ya kuotea, na taa nyingine ya mionzi ya kushika nafasi ya jua, na kipimajoto. Alivifunga juu ya tangi la kioo lililowahi kuwa la samaki, akapiga magoti mbele yake kama anayesubiri mkate uive.

"Jua liko dirishani," nikamwambia. "Bure."

"Hilo halina kipimo," akasema.

Yule Mkenya alitudanganya, au alijidanganya mwenyewe. Kenge alikua. Alikula mende wa kufugwa tuliowanunua sokoni kwa wauza ndege, akala nyenje na konokono, na akipewa yai alilivunja kwa adabu, akalilamba mpaka ganda likang'aa. Nilipokuja kushtuka mkia umeshapanda ukuta wa tangi, na akigeuka anageuka kwa awamu, kama lori kwenye kichochoro.

Mume wangu akachora kizimba kipya. Alikichora kwa kompyuta, kikiwa na mwonekano wa mbele, wa ubavuni na wa juu, na mishale ya kuonyesha hewa inapoingia na inapotokea. Nilimuuliza kama mteja ameshaidhinisha michoro. Akaniambia nisilete mzaha kazini. Kizimba kikajengwa sebuleni: fremu ya mbao, wavu wa chuma mbele, gogo la kupandia, na chini mchanga wa jangwani uliochekechwa ukawa laini kama unga wa ngano. Kwa macho kilipendeza. Mgeni angedhani ni kabati la vyombo.

Kenge hakukipenda hata kidogo. Alfajiri taa ikiwaka tu alianza kutembea, kutoka kona hii hadi kona ile, kona ile hadi hii, pua akiisugua kwenye wavu. Alichimba mchanga, ukambomokea. Akachimba tena, ukambomokea tena. Pua ikachubuka. Wahenga walisema kenge hasikii mpaka aone damu. Kwetu damu ilimtoka kenge, na asiyesikia akawa mume wangu. Mimi ndiye niliyempaka dawa, nikiwa nimevaa glavu za hospitali, naye injinia amekishika kichwa cha mgonjwa huku akinieleza kwamba ni suala la muda tu, atazoea.

"Watu huzoea," nikasema. "Huyu hana mkataba."

Hiyo ilikuwa miaka ile nchi inabadilika kila ukiamka. Leo sinema imefunguliwa, kesho kuna muziki mkahawani, keshokutwa wanawake wamekaa nyuma ya usukani. Mimi nilikuwa najifunza kuendesha gari. Asubuhi ya mtihani wangu nikafungua kabati nitoe abaya. Abaya zilikuwa zimening'inia pale kwenye safu yake, nyeusi zote, na mojawapo ikawa inapumua.

Nilifunga kabati taratibu, nikampigia mume wangu simu.

"Mtoto wako yuko kwenye kabati langu."

Akasema, "Umefunga vizuri?"

"Nimefunga."

"Hewa inaingia?"

"Bwana we, nina mtihani! Nitavaa nini?"

"Usimwashie taa tu, atashtuka."

Nilifaulu mtihani wa udereva nikiwa nimevaa abaya ya jirani, iliyonizidi urefu kiasi kwamba mkufunzi aliniambia niikunje isije ikashika breki. Niliporudi, injinia alikuwa amekaa sakafuni mbele ya kabati, sahani ya konokono mkononi, akibembeleza. Wavu wa kizimba ulikuwa umenyofolewa pembeni kwa kucha, msumari mmoja baada ya mwingine.

Jioni ile nilimkalisha. Nilikuwa nimesoma wakati wa mapumziko kazini, kwa kuwa aliyemfuma kenge kwenye nguo zake ana sababu ya kusoma.

"Umemjengea kitu cha kutazamwa," nikamwambia. "Yeye kutazamwa hakumsaidii. Kenge wa nyika maisha yake ni kuchimba na kutembea. Anataka udongo unaoshikamana, wenye unyevu kidogo, wa kumfika mtu magotini. Anataka upande mmoja moto wa kuchoma na upande wa pili poa, achague mwenyewe. Beseni la kujitumbukiza mwili mzima. Na wavu uondoke, uwekwe kioo kizito, apumzike kusugua pua."

Alinisikiliza. Kisha akaanza kupiga hesabu za uzito wa udongo, na uso wake ukaingia kivuli. "Sakafu ya sebule haitakubali," akasema. "Na sanduku lenyewe halitapita mlangoni."

"Sijasema sanduku. Huyu anataka chumba."

Tulikuwa na vyumba viwili, kimoja tulilala sisi, na cha pili ndiyo hiyo sebule. Hapo mazungumzo yakafa, mpaka kampuni ilipomhamishia Jeddah.

Mume wangu alitangulia kutafuta nyumba, na alinipigia simu kutoka mtaa wa Aziziya akiwa na furaha ya mtu aliyepata shamba la karafuu. Alikuwa amepata nyumba ya chini kabisa, ambayo sakafu yake imekaa juu ya ardhi, kwa hiyo uzito si tatizo. Nyuma ya jiko kulikuwa na chumba cha kadama, yaani kile chumba kidogo kinachojengewa mfanyakazi wa ndani, chenye bafu lake na mlango wa kutokea kwenye kibaraza cha kufulia.

"Sisi hatuna mfanyakazi," akasema. "Kipo tu!"

"Chumba chetu kikoje?"

"Kizuri."

"Umekipima?"

"Bado."

"Cha kenge?"

"Mara mbili," akasema, na sauti yake haikuwa na aibu yoyote.

Tulisafiri kwa gari letu, na mimi ndiye niliyekuwa naendesha. Mume wangu alikaa nyuma na sanduku la kenge mapajani, na barabara nzima alinishauri. Punguza. Lori hilo. Usimtazame ngamia, tazama mbele. Kenge alikuwa abiria bora kuliko yeye, kwani alilala. Kwenye kizuizi kimoja askari alitusimamisha, akachukua leseni yangu mpya, akaitazama, akanitazama mimi, kisha akainama akaona sanduku.

"Mna nini humo?"

"Waral," mume wangu akajibu, na hilo ndilo jina la kenge kwa Kiarabu.

"Mnaenda kumla?"

"Hapana. Tunaishi naye."

Askari alicheka hadi akaegemea mlango, akaita mwenzake aje aone. Mpaka leo sijui aliitwa kumtazama kenge au kumtazama mwanamke wa Kiafrika kwenye usukani na mumewe kiti cha nyuma. "Yalla, yalla," akasema, akanirudishia leseni kwa heshima.

Chumba kile nilikiona siku tuliyofika. Mume wangu alisimama katikati, akanyoosha mikono, ncha za vidole zikakaribia kugusa kuta za pande zote mbili. Dirisha lilikuwa dogo, juu kabisa karibu na dari, likitazama ukuta wa jirani. Akakunja uso.

"Peke yake hakitoshi," akasema. "Mnyama mwenye nguvu hivi, akifungiwa humu atasononeka. Itabidi tukiunganishe na kibaraza."

Alisema kwa moyo safi kabisa, akiwa na futi kamba mkononi. Mimi nikatazama ukutani. Kulikuwa na msumari mmoja, na chini yake alama ndefu ya nguo iliyoning'inia pale muda mrefu. Hospitalini kule Riyadh nilikuwa nikiwahudumia dada zetu wa Kenya na Tanzania waliolala katika vyumba kama kile, nyumba za mtaa wetu wa kule, na mmoja aliwahi kuniuliza kama kuna dawa ya kumsaidia mtu kulala pasipo na hewa. Nilimwambia mume wangu hilo. Aliishusha mikono polepole. Kabla hajaanza kujenga aliung'oa msumari ule, akaziba tundu, akapaka ukuta rangi upya, jambo ambalo kwa kenge halikuwa na maana yoyote.

Kisha tukajenga, na safari hii tulijenga wawili. Tulifunika kuta na sakafu kwa plastiki nzito, tukainua ukingo wa matofali mlangoni, tukajaza udongo. Majirani walipoona magunia yanaingia mfululizo wakatuuliza kama tunalima. Tulichanganya mchanga na udongo mfinyanzi, tukaumwagia maji, tukaukanda, na nilipoufinya mkononi ukabaki umeshikana. Taa zilifungwa juu, mbali na makucha, upande wa gogo na bamba la jiwe. Kwenye kibaraza tuliweka beseni la kufulia, kubwa la kukaa mtu mzima, na nondo na paa la kivuli ili apate jua la kweli. Mlango ulikatwa nusu, juu kioo, chini ubao, na makomeo mawili kwa sababu za kihistoria.

Wakati huo mama mkwe alikuwa anajiandaa kuja Umra, na angefikia kwetu. Alipiga simu kila siku kutoka Tanga. Mwanawe alimwogopa. Hakuthubutu kumwambia kwamba amefuga kenge ndani ya nyumba, kwa hiyo akawa anazunguka mbuyu. Nilimsikia nikiwa jikoni.

"Nashindwa kukaa sana, mama, tunaandaa chumba... Ndiyo, chake peke yake... Kidogo, lakini anachangamka sana, hataki kubanwa... Joto ndilo la muhimu... Beseni tumeshanunua. Mkweo ndiye aliyesema liwe kubwa."

Nilidhani ameshamwambia, na huko nilikokuwa nikamhurumia.

Mama mkwe alifika Jeddah na mabegi mawili. Nilimpa mkono, "Shikamoo mama," naye badala ya kuitikia akanishika mabega, akanitazama usoni, kisha akashusha macho tumboni, kisha akayapandisha haraka. "Marahaba, mwanangu. Umenawiri," akasema. Nilidhani anamaanisha nimenenepa, na ni kweli nilikuwa nimenenepa.

Baada ya chakula alifungua begi moja kitandani. Akatoa kanga mpya za kulainisha kwa kufua. Akatoa mbeleko. Akatoa mafuta ya nazi kwenye chupa iliyofungwa plastiki juu ya plastiki, na kofia za sufu alizofuma mwenyewe, ndogo za kuingia kwenye ngumi. Kofia za sufu, Jeddah! Akazipanga juu ya shuka, moja moja, akizinyoosha kwa kiganja.

"Sikujua ni wa kike au wa kiume," akasema. "Nikatia njano."

Nilimgeukia mume wangu. Hayupo. Nikasikia bomba la jikoni linafunguliwa na glasi safi zinaoshwa upya.

Ningeweza kumwita aje abebe mzigo wake. Lakini kofia zile zilikuwa zimeelekezwa kwangu, kwa hiyo nikamshika mama mkono, nikasema, "Mama, njoo nikuonyeshe chumba." Tukapita jikoni, nyuma ya mgongo wa mwanawe aliyekuwa anasugua glasi moja kana kwamba ina kesi, tukasimama mbele ya kioo.

Kenge alikuwa kwenye jiwe lake chini ya taa, amejitandaza kama gauni lililoanikwa. Alifungua jicho moja. Akatoa ulimi, akaonja hewa, akaurudisha.

Mama mkwe alitazama. Akatazama taa. Akatazama beseni. Akamtazama tena kenge, kuanzia pua hadi mwisho wa mkia, ambao ulichukua muda.

"Huyu ndiye?" akauliza.

"Ndiye, mama."

"Kafanana na baba yake."

Alisema hivyo kwa sauti kavu, na nyuma yetu glasi ikaanguka kwenye sinki. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, mpaka akakaa kwenye ukingo wa matofali, huku akipigapiga goti na kumwita mwanawe majina ambayo mama tu ndiye mwenye ruhusa nayo. Nami nikacheka. Kisha nikaona machozi yake yamebaki baada ya kicheko kuondoka, na anayafuta kwa pembe ya mtandio bila kujificha.

Nikakaa karibu naye. "Hatujajaliwa bado, mama."

"Najua."

"Nilidhani amekueleza."

"Hakunieleza, na mimi sikumuuliza," akasema. "Mtu mzima kama mimi nisiulize, 'Mkeo ana mimba?' Nilijua nikiuliza ataniambia hapana. Basi nikafuma kofia." Akanishika mkono. "Wewe usichukue moyoni. Hayo yalikuwa yangu na sufu yangu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali, kwa jina la mganga wa Pangani, kwa dua maalumu. Hakuleta lolote. Mume wangu alisogea kutoka jikoni, mikono inachuruzika maji, akasimama kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Wewe," mama yake akamwambia, "msafara wa mamba na kenge wamo, lakini si kila kenge apewe bafu. Mimi nalala wapi?"

Akalala sebuleni, kwenye godoro, na hakutuacha tusahau. Kila mgeni wa Kitanga aliyekuja kumsalimia aliambiwa kwamba katika nyumba hii mama mzazi yuko chini, kenge ana chumba na kibaraza. Lakini siku chache baada ya Umra nilirudi kutoka kazini nikamkuta amehamishia kiti nyuma ya jiko, mbele ya mlango wa kenge, tasbihi mkononi, ameufungua mlango wa nje wa jikoni ili vuguvugu limpitie.

"Magoti," akaniambia. "Mumeo katugandisha kama samaki wa kiwandani. Hapa ndipo penye hali ya hewa ya binadamu."

Wakawa wanakaa hivyo asubuhi nzima, yeye na kenge, kioo katikati. Alimsimulia habari za Tanga. Aliniapia kwamba akimtaja marehemu baba mkwe, kenge anafumba macho. Mume wangu alitaka kumweleza kwamba anafumba macho kwa sababu ya joto, nilimkanyaga mguu. Siku ya pili yake alipunguza viyoyozi vya nyumba nzima bila kuambiwa na mtu, na mimi nikavua soksi.

Mama mkwe alipoondoka alizirudisha begini kanga, kofia na mbeleko. "Kuna mjukuu wa wifi yangu Muheza anatarajia," akasema. "Nguo za mtoto hazikai kabatini kumsubiri mtu." Sikuumia. Nilimsaidia kuzikunja. Mafuta ya nazi aliniachia, nipake nywele.

Tulikaa Jeddah miaka michache zaidi. Mkataba ulipokwisha, daktari wa wanyama aliyekuwa akimtibu kenge, mtu mwenye shamba upande wa Taif, alikubali kumchukua, na mume wangu alikwenda mara tatu kukagua banda kabla ya kuridhika. Sanduku lilipotoka mlangoni aliingia bafuni akakaa sana, akatoka akisema sabuni imemwingia machoni.

Ikabaki kuutoa udongo. Tulianza kwa majembe, na majembe yakazama. Chini ya udongo ule, kuanzia kwenye jiwe, kupita chini ya gogo ambalo hakuwahi kulipanda, kuzunguka kona na kurudi karibu na mlango wa kibaraza, kenge alikuwa amejichimbia njia. Kuta zake zilikuwa laini, zimekandamizwa kwa mwili wake, na katikati palikuwa na chumba cha mviringo cha kujikunja. Hatukuwahi kujua. Miaka yote tuliyodhani amelala pale karibu, alikuwa anakwenda na kurudi chini huko.

Mume wangu alilala kifudifudi kwenye udongo, na suruali yake ya safari, akaingiza mkono mpaka begani.

"Njoo uguse," akaniambia. "Hapa pana ubaridi wake mzuri kabisa. Sijui kaupataje."

"Inuka," nikamwambia. "Mwenye nyumba yuko mlangoni, anataka funguo."

"Mwambie asubiri," akasema, akazidi kupenyeza mkono.

Nikaenda kumwambia asubiri.